Pesa za simu mikononi mwa wazazi wetu: tathmini ya huduma kutoka Bombo

Tathmini nyingi za huduma ya pesa za simu nchini Uganda huandikwa kwa ajili ya watu wenye macho makali na wenye haraka: hulinganisha ada, hupima kasi na kusifu programu mpya. Hii yangu inawahusu mama na baba zetu waliokwisha kuvuka miaka 60, walioshika simu kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wana wajukuu, na ambao leo hupokea msaada wa watoto wao, hulipa umeme na hupeleka ada ya shule kwa kupitia simu hiyo. Naandika nikiwafikiria wazee wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala kwenye barabara ya kwenda Gulu, wenye kambi ya jeshi na jamii ya Wanubi walioishi hapo kwa vizazi kadhaa, ambako Kiswahili husikika sokoni, kambini na uani kwa majirani. Nimeipima huduma kwa kipimo kimoja: je, mzazi anaweza kuitumia kwa mkono wake mwenyewe, huku siri yake ikibaki yake na pesa yake ikibaki yake? Katika kupokea na kutoa pesa anaweza, tena vizuri kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika kutuma, kulipa na kujilinda, mara nyingi anakwama, na baada ya kukaa karibu na wazee wengi wakibonyeza vitufe vyao nimeridhika kwamba kasoro haiko vichwani mwao.

MTN ilianzisha huduma hii Uganda mwezi Machi 2009, na mitandao mingine ikafuata muda si mrefu. Kabla ya hapo pesa ya mzazi ilisafiri ndani ya bahasha, mkononi mwa dereva wa teksi au kondakta wa basi, na mzee alikwenda kusubiri kituoni akiwa hana hakika kama gari limeondoka Kampala, kama limeharibika njiani, au kama bahasha imefunguliwa. Watu wa Arua na Koboko walisubiri zaidi, kwa sababu ya umbali. Ni muhimu kukumbuka hali hiyo tunapozungumza juu ya wazazi na teknolojia, kwa kuwa hakuna mzee aliyehitaji kushawishiwa kwamba pesa inayofika papo hapo ni bora kuliko bahasha ya kondakta. Walipoona faida kwa macho, walijifunza. Wale ambao tuliwaita wagumu wa kufundishika walikuwa wamejua kupokea pesa kwa simu kabla watoto wao wengine hawajafungua akaunti ya benki.

Mama yangu hasomi Kiingereza, lakini meseji ya pesa inapoingia anajua mahali pa kutazama. Hupuuza maneno yote na kutafuta tarakimu; anatambua kiasi kwa kuwa kiko karibu na mwanzo, na anatambua salio kwa kuwa ndiyo tarakimu inayofanana na hesabu aliyoiweka moyoni. Kisha humpigia aliyetuma na kumwuliza, "Umetuma ngapi?" bila kumwambia kilichofika, ili jibu litoke upande wa pili kwanza. Sikumfundisha utaratibu huo, wala hakuna tangazo lililomfundisha. Ni uangalifu wa mwanamke aliyeuza chakula sokoni kwa miaka mingi, ameuhamishia kwenye simu, nao unafanya kazi.

Kutoka hapo huenda kwa wakala, na hapa ndipo huduma hii inapostahili sifa yake kubwa zaidi. Kibanda chenyewe ni cha mbao, kimepakwa rangi ya mtandao, kina mwavuli mbele na benchi fupi ambalo wazee hulikalia hata wasipokuwa na shughuli. Wakala ni binti anayewajua wateja wake kwa majina na kwa watoto wao. Humwamkia mama, hupokea kitambulisho cha taifa, huandika jina, namba na kiasi katika daftari lenye mistari iliyopigwa kwa rula, kisha huanzisha muamala kwenye simu yake. Ombi la kuthibitisha linapotokea kwenye simu ya mama, binti husema, "Hajati, imefika, weka namba yako," halafu hugeuza uso wake upande wa barabarani mpaka aambiwe tayari. Mama huivuta ncha ya mtandio juu ya simu, hubonyeza taratibu, na kuthibitisha. Pesa huhesabiwa mara mbili, kwanza na binti kwa sauti, kisha na mama kimyakimya. Mzee asiyeweza kuandika huweka alama ya kidole gumba kwenye daftari. Mtandao ukikwama, binti husema kwamba mtandao unasumbua na kumshauri asubiri badala ya kurudia, jambo ambalo linamwokoa mzee na hofu ya kukatwa mara mbili.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu watu wanaopanga mustakabali wa huduma hizi huzungumza juu ya wakala kama hatua ya mpito, gharama ambayo siku moja itaondolewa kila mtu atakapokuwa na programu kwenye simu. Kwa wazazi wetu wakala ndiye huduma yenyewe. Yeye ndiye anayesoma meseji yenye shaka, anayeeleza kwa nini salio limepungua, anayesema "hapana, usimrudishie huyo" pale mzee anapokaribia kudanganywa. Uzuri au ubaya wa huduma kwa mzazi hutegemea kwa kiasi kikubwa nani ameketi kibandani, na mitandao ingefanya vyema kulipima hilo kwa uzito uleule wanaopimia idadi ya miamala. Kuna mawakala wabaya pia. Wapo wanaomwambia mzee "nipe simu nikusaidie, na namba yako ni ngapi?" kwa sauti mbele ya foleni nzima, na wapo wasiokuwa na pesa taslimu ya kutosha ambao humgawia mzee pesa mara mbili, leo nusu na kesho nusu, hivyo kumfanya alipe ada mara mbili. Mzazi aliyepata wakala wa namna hiyo ahamishwe mara moja, hata kama kibanda kingine kiko mbali zaidi.

Sasa tuje kwenye menyu, ambako sifa zangu zinapungua. Anayetumia MTN hupiga *165#, anayetumia Airtel hupiga *185#, na kwenye kioo hutokea orodha ya maandishi yenye namba. Ubaya wa kwanza ni muda. Menyu ya namna hii hubaki wazi kwa muda mfupi tu, kisha hujifunga, na mzee ambaye anasoma mstari mmoja mmoja, anavua miwani kuipangusa, anatafuta kitufe cha 4, hujikuta amerudishwa mwanzo bila kuelezwa kwa nini. Nimewaona wazee wakidhani wamebonyeza vibaya, wakati hawakukosea chochote isipokuwa kwenda polepole. Kijana hupiga tena na kusahau. Mzee huiweka simu chini na kumwita mjukuu, na kuanzia dakika hiyo siri yake imeanza kutoka nje.

Ubaya wa pili ni kubadilishwa kwa mpangilio. Mzee asiyesoma lugha ya menyu hukariri njia kwa tarakimu: 1, kisha 1, kisha namba ya mtu, kisha kiasi. Anaipita kama mtu anayekwenda kisimani gizani kwa kuhesabu hatua zake. Mtandao unapoongeza huduma ya mikopo, ya akiba au ya vifurushi na kuisogeza mistari, njia ile aliyoijua kwa miezi inamfikisha asikokujua, na hakuna aliyemwarifu isipokuwa kwa meseji ambayo hawezi kuisoma. Ombi langu kwa kampuni zote ni dogo mno: mistari mitatu ya mwanzo, ya kutuma, ya kutoa na ya kuangalia salio, isiguswe kamwe, na kila jipya liongezwe chini.

Kuhusu lugha, watu wengi hujaribu kumsaidia mzazi kwa kubadilisha lugha ya simu kuwa Kiswahili, jambo zuri ambalo simu za Android zinaliruhusu. Lakini menyu ya pesa haitoki ndani ya simu. Inatoka kwa mtandao, na kubadilisha mipangilio ya simu hakuigusi. Menyu iliyo kwenye laini ya mama yangu ni ya Kiingereza. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua hatua za kukiendeleza, kwa hiyo sioni kwa nini mzee wa Bombo, wa Arua au wa Busia aendelee kukariri tarakimu ilhali maneno matatu ya Kiswahili, "tuma", "toa" na "salio", yangetosha kumweka huru. Ningekwenda mbali zaidi nikaomba sauti. Mama huyohuyo anayekwama kwenye menyu humtumia dada yangu aliyeko Saudi Arabia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp kwa simu ya mjukuu, anaushika mchoro wa kipaza sauti, anazungumza, anauachia, na tangu alipoonyeshwa hakuhitaji kuonyeshwa tena. Chombo kinachokubali sauti yake hakimsumbui. Huduma ya pesa inayosoma salio kwa sauti ya Kiswahili, baada ya mteja kuweka namba ya siri, si jambo lisilowezekana kiufundi.

Suala zito kuliko yote ni hiyo namba ya siri. Huduma ilijengwa kwa mtu mmoja mwenye simu moja, ambaye anasoma mwenyewe na hahitaji msaada wa mtu. Nyumba za wazee wetu haziko hivyo. Simu ya mzee hukaa juu ya kabati sebuleni, hupokelewa na yeyote aliye karibu, huchajiwa kwa jirani umeme ukikatika, na hutumwa dukani pamoja na mtoto. Mzee anapohitaji kutuma pesa humtajia mjukuu namba yake, na mjukuu huyo, ambaye huenda ni mwaminifu kabisa, huitaja mbele ya mwenzake. Kwa mjomba wangu hali hiyo ilileta huzuni ambayo haijaisha. Pesa ya ada ya shule ilipungua ndani ya simu, watu waliokuwa wakiijua namba walikuwa zaidi ya mmoja, na kwa kuwa kila muamala ulikuwa umethibitishwa kwa namba sahihi, hakukuwa na mahali pa kulalamika. Meseji ya mtandao ilisema ukweli kwamba mteja hapaswi kumpa mtu mwingine namba yake. Haikusema mteja asiyeona vizuri afanye nini badala yake.

Hapo ndipo ninapoilaumu huduma waziwazi. Vikundi vya akiba vya vijijini kote Uganda vilikwisha kulijibu swali hili kwa sanduku la chuma lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, hivi kwamba hakuna anayeweza kulifungua peke yake na hakuna anayelazimika kuaminiwa kupita kiasi. Benki nazo zina akaunti zenye watia saini wawili. Kwa nini mzee mwenye simu asiweze kumsajili mwanawe kama msaidizi, ambaye anaweza kuandaa malipo lakini si kuyakamilisha, au anayepata meseji kila pesa inapotoka? Kwa nini mzee asiweze kuweka kikomo cha kiasi kinachoweza kutumwa kwa siku, na chochote zaidi ya hapo kimlazimu kufika kwa wakala na kitambulisho? Hizi si ndoto za ajabu, na zingewalinda wazee wengi kuliko maonyo elfu ya meseji.

Matapeli wameielewa hali ya wazee mapema kuliko kampuni. Njia yao iliyozoeleka ni meseji inayofanana na ya mtandao, ikieleza kwamba kiasi fulani kimeingia, ikifuatwa na simu ya mtu mwenye sauti ya unyonge: "Mama, nimekosea namba, hiyo pesa ni ya mgonjwa, tafadhali irudishe." Meseji hiyo hutoka kwa namba ya kawaida ya mtu, wala haibebi jina la huduma, na salio la kweli huwa halikubadilika hata kidogo. Kijana hugundua kwa kutazama jina la mtumaji. Mzee anayetazama tarakimu peke yake, kama nilivyoeleza, anaona kiasi na kuamini, na huruma yake ndiyo inayomkamata. Kinga iliyofanya kazi nyumbani kwetu ni sheria ya mama isiyo na ubaguzi: hamrudishii mtu pesa kwa simu, hata akilia; humwambia aende kwa mtandao kudai, kisha yeye hutembea hadi kibandani salio likaangaliwe. Wengine hupiga simu wakijifanya wafanyakazi wa kampuni na kumwelekeza mzee abonyeze namba moja baada ya nyingine. Hao pia hushindwa mbele ya mzee aliyezoea kusema, "Nitakwenda kwa wakala wangu."

Usajili wa laini unahitaji kutazamwa na kila mtoto anayesoma hapa. Uganda ilianza kusajili laini mwaka 2012, na mwaka 2017 laini zote zikatakiwa kuthibitishwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa, ambacho uandikishaji wake wa watu wengi ulifanyika mwaka 2014. Wazee wengi hawakuwa nacho wakati huo, au majina yao yaliandikwa kwa namna tofauti na walivyozoea, au alama za vidole vyao, vilivyosuguliwa kwa jembe, sabuni na kusuka vikapu, hazikusomeka vizuri kwenye mashine. Familia zikafanya lililokuwa jepesi: laini ya mzee ikasajiliwa kwa jina la mtoto au mjukuu. Matokeo yake ni kwamba kila anayemtumia mzee pesa huona jina la mtu mwingine kabla ya kuthibitisha, na simu ikipotea mzee hawezi kuirudisha laini yake bila mwenye jina kuwepo. Nawajua wazee ambao mwenye jina yuko Dubai.

Ada nitaipitia haraka. Tarehe 1 Julai 2018 serikali iliweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu, na baada ya malalamiko makubwa sheria ikarekebishwa mwaka huohuo, kodi ikabaki asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa. Kwa hiyo mzee anayetoa shilingi 100,000 hulipa kodi ya shilingi 500 mbali na ada ya mtandao. Kiasi hicho hakiwafukuzi wazee, lakini hakielezwi popote kwa lugha wanayoielewa, na wengi humshuku wakala kwamba amewaibia. Mtoto anayetuma pesa na aongeze ya kutolea, na aseme wazi kwamba ameiongeza.

Serikali nayo imewafanya wazee waitegemee mifumo hii bila kuwaandaa vya kutosha. Ruzuku ya wazee wenye miaka 80 na kuendelea, shilingi 25,000 kwa mwezi, inategemea tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kitambulisho, na mzee aliyepunguziwa miaka wakati wa uandikishaji hukosa haki yake kwa sababu ya tarakimu ambazo hakuziandika yeye. Mpango wa maendeleo wa parokia (ngazi ya utawala wa serikali, si ya kanisa) uliozinduliwa Februari 2022, unaokopesha hadi shilingi milioni 1 kwa kaya, umeleta pochi ya simu iitwayo Wendi, ya benki ya PostBank ambayo sasa inaitwa Pearl Bank, nayo ina namba yake ya siri, juu ya ile ambayo mzee alikuwa ameanza kuizoea.

Nisionekane kama ninayedai kwamba wazee hushindwa na kila kilicho kirefu au kigumu. Mita za umeme wa malipo ya kabla, ziitwazo Yaka, hulipiwa kwa simu, na malipo huleta tarakimu 20 ambazo mtu lazima azibonyeze kwenye mita bila kukosea hata moja. Mwaka 2024 mambo yalizidi, kwa kuwa mita nyingi za malipo ya kabla duniani zilitakiwa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba, na wateja wakalazimika kuingiza tokeni mbili za kusasisha kwanza, kila moja yenye tarakimu 20, ndipo ile ya umeme ifuate. Nilikuwa na hofu kwa ajili ya mama. Yeye alichukua daftari la mraba la mjukuu, akamwambia asome tarakimu nne nne, akaandika kila kundi kwenye mstari wake, akaweka alama ya kwanza, ya pili na ya tatu pembeni, kisha akasimama mbele ya mita na kubonyeza zote huku akikata kwa kalamu kila kundi alilomaliza. Taa ziliwaka, na jirani wawili wakaja kuomba wafanyiwe hivyohivyo. Kilichomwezesha ni kwamba mita haikuwa na haraka kama menyu ya simu, tarakimu hazikuhitaji lugha, na msaidizi wake alisoma bila kuhitaji kujua siri yoyote.

Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi kumhamishia mzazi kwenye programu za simu janja kwa ajili ya pesa, hata kama mtoto anaweza kumnunulia simu hiyo. Katochi, ile simu ndogo ya vitufe, hukaa na chaji kwa siku kadhaa, ina tochi, vitufe vyake husikika chini ya kidole, na menyu yake ya pesa haihitaji bando, ambalo tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12. Programu huomba kusasishwa, hubadilisha sura, na huweka matangazo ya mikopo pale ambapo mzee anatafuta salio. Simu janja impe kwa ajili ya kuona nyuso za wajukuu. Pesa ibaki kwenye katochi, kwenye laini tofauti kama inawezekana.

Tena mzee asishawishiwe kuacha kabisa pesa taslimu. Siku ya uchaguzi ya Februari 2016 huduma za pesa za simu zilizimwa kwa amri ya mamlaka pamoja na mitandao ya kijamii, na waliokuwa na kila shilingi ndani ya simu walikaa bila pesa ya dawa na ya chakula. Wazee waliokuwa na akiba ndogo sandukuni hawakuyumba. Watoto wanaocheka tabia hiyo wanapaswa kuiheshimu.

Kwa jumla naipendekeza huduma kwa wazazi, kwa masharti ambayo mtoto ndiye wa kuyatimiza. Amfundishe mzazi kuangalia salio peke yake kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa anayeweza kuona salio lake hawezi kudanganywa kirahisi. Amzoeshe kusubiri jina la mpokeaji litokee na kulisoma, au kusomewa, kabla ya kuweka namba ya siri. Kwenye malipo ya shule jina la mwanafunzi hutokea pia, na hilo ni jambo zuri ambalo limeokoa ada za wajukuu wengi. Amchagulie wakala mmoja, aende naye, amtambulishe, na amwambie wakala huyo mbele ya mzazi kwamba namba ya siri haitatajwa kwa mdomo. Namba hiyo isiwe mwaka wa kuzaliwa, ambao umeandikwa kwenye kitambulisho kilekile anachokabidhi kibandani. Na amfundishe bila kumnyang'anya simu mkononi, kosa ambalo naliona kila siku: kijana anaitwa kuelekeza, anachukua simu, anamaliza kwa sekunde kumi, anairudisha, na mzee hajajifunza chochote ila kwamba yeye ni mzito.

Limebaki jambo ambalo watoto wengi, kwa ajili ya heshima, hawalitaji. Mzee akifariki, salio lililo kwenye simu yake ni sehemu ya urithi, na familia inayolifuata kwa njia halali hutakiwa kupeleka cheti cha kifo na hati za usimamizi wa mirathi. Wapo wanaoijua namba ya siri ambao hulitoa kimya kabla ya matanga kwisha, na nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa sababu hiyo. Mzazi na aulizwe angali hai, mbele ya watoto wake wote, nani atafuatilia na madeni gani yalipwe kwanza. Pale ambapo laini imesajiliwa kwa jina la mjukuu, hata hatua hiyo haiwezekani, kwa sababu kwenye kumbukumbu za mtandao pesa ile haikuwa ya mzee. Kwa hiyo anayetaka kuanza na jambo moja wiki hii aende na mzazi wake kwenye ofisi ya mtandao, na kitambulisho, laini ikaandikwe kwa jina la mwenyewe.